Kwa Nini Mhuni Lazima Awe na Rasta?

Ndugu zangu waandishi chipukizi, nina ugomvi na nyinyi, na leo nimeamua kuutoa hadharani.

Nimezisoma hadithi zenu. Zile zilizochapwa, na zile zinazozunguka mkono kwa mkono kwenye madaftari, kurasa zimechakaa na jina la mwandishi limeandikwa kwa wino mwekundu. Nimezisoma nyingi, na nimegundua kwamba kwenu nyinyi tabia ya mtu huota kichwani. Kibaka ana rasta. Mvuta bangi ana rasta na kofia ya sufu. Mtoto aliyemshinda mama yake amenyoa kiduku. Changudoa ana wigi, tena lazima liwe jekundu, na lazima lidondoke mbele za watu ili msomaji acheke. Sistaduu aliyemwacha kijana maskini akamfuata mwenye gari ana nywele za dawa zinazofika mabegani. Na yule msichana mwema, aliyevumilia, anayelia ukurasa mzima na mwishoni akaolewa na daktari, huyo siku zote ana "nywele fupi nyeusi za asili". Kila hadithi! Msomaji hana haja ya kufika mwisho. Akishafika kwenye maelezo ya kichwa anajua nani ataiba na nani ataibiwa.

Mimi nasema huo ni uvivu wa kalamu. Halafu nasema ni zaidi ya uvivu. Kuna watu kabla yetu waliohukumu watu kwa nywele, na walikuwa na wembe, mkasi na sheria mkononi. Sisi hatuna sheria, tuna kalamu tu, lakini tunaifanya kazi ileile ya wembe wao. Hilo ndilo linaloniuma.

Kabla hamjaniuliza mimi nani, najibu. Mimi ni msusi. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja jinsi yalivyokuja, na tangu hapo nasuka barazani kwetu hapa Makorora. Usiku naandika riwaya yangu, ambayo bado haijaisha na msiniulize itaisha lini. Kusuka nilijifunza utotoni kwenye nyuzi za katani, kama watoto wengi wa Tanga, kisha nikahamia vichwani mwa wadogo zangu, kisha mtaani. Mteja anakaa kwenye mkeka, mimi kwenye kigoda, kichwa chake kati ya magoti yangu. Rasta ndogondogo zinaweza kula siku nzima, kuanzia kufumua za zamani, kuchana, kugawa njia, mpaka kuchovya ncha kwenye maji ya moto. Katika saa zote hizo hakuna binadamu anayeweza kunyamaza. Hivyo basi, habari za vichwa na habari za wenye vichwa ninazo, na nawaambieni haziendani na zenu hata kidogo.

Mke wa mwalimu wa madrasa nimemsuka rasta zinazofika kiunoni. Akimaliza anajitanda, anavaa buibui, anapanda baiskeli ya mwanawe wanaondoka, na hakuna atakayeziona isipokuwa mumewe. Nesi mmoja huja kila baada ya wiki tatu na mtindo mpya, na ndiye aliyemzalisha nusu ya mtaa huu. Dada mmoja ambaye watu wanamwita malaya, na sitabishana nao, husuka twende kilioni, mistari minene michache ya kurudi nyuma, basi. Hana pesa ya wigi jekundu, ana watoto wawili. Kibaka aliyekamatwa mtaani kwetu akapigwa nusura afe alikuwa amenyoa vizuri kama karani wa benki. Na fundi baiskeli mwenye rasta mpaka mgongoni ndiye akina mama wanayemwekesha pesa za upatu, kwa sababu kila aliyewekeshwa kabla yake alikuwa nadhifu na alikula.

Sasa niambieni, hadithi zenu mmezitoa wapi? Mnaishi Tanga hii hii ninayoishi mimi, au mnaishi ndani ya hadithi za wenzenu?

Najua jibu litakalokuja kwanza, maana nalisikia barazani kila siku kutoka kwa wazee: mitindo hii si mila yetu, imeletwa, kwa hiyo anayeifuata ni mpotevu. Haya, mila ipi? Fungueni kamusi ya Kiswahili, neno "denge". Kukata denge ni kunyoa kandokando ukaacha nywele utosini. Neno hilo liko kwenye kamusi za zaidi ya miaka 100 iliyopita, kabla babu yako hajazaliwa. Kijana akinyoa hivyo leo mnasema kaiga wacheza mpira wa Ulaya. Tazameni na neno "shungi", linalotaja nywele na nguo ya kuzifunikia kwa pamoja. Tazameni mabutu, nywele zilizofungwa kwa uzi mweusi, ambazo bibi zetu walisuka kwa senti chache na bado zinasukwa. Tazameni hiyo twende kilioni: msiba umetokea, muda hakuna, shoga yako anakutupia mistari ya harakaharaka uende ukalie na wenzako. Mtu aliyeubatiza mtindo huo kwa maneno mawili ameandika hadithi nzima. Sisi wenye madaftari tunaandika kurasa 40 hatufiki hapo.

Pwani hii watu wamekuwa wakichezea nywele tangu zamani, na wamekuwa wakizipa maana. Mtoto mchanga wa Kiislamu hunyolewa siku ya saba. Anayehiji akimaliza ibada, mwanamume hunyoa au hupunguza, mwanamke hukata ncha kidogo tu. Kwa hiyo sisemi nywele hazina maana. Nina swali moja tu: maana hiyo anaiweka nani, mwenye kichwa au mwenye wembe?

Turudi nyuma tuone. Zama za utumwa, hapa pwani na visiwani, mtu alisomwa kichwani kwanza. Mtumwa hakuruhusiwa kufunika kichwa wala kuvaa viatu mbele ya bwana wake. Kilemba, kofia na ushungi vilikuwa vya waungwana. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na huku Tanganyika mpaka 1922, wakati Waingereza walipokwisha kuichukua nchi kutoka kwa Wajerumani. Waliokuwa watumwa walifanya nini? Wanaume walivaa kofia na kanzu. Wanawake waliacha kaniki, wakajifunga kanga, wakajitanda, na baadaye wakavaa buibui. Kabla ya shamba, kabla ya nyumba, walianza na kichwa. Walijua walichonyang'anywa kilianzia wapi.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba katika familia ya asili hiyo. Alipokwenda mjini Unguja kuimba, watu walimkejeli kwa sababu ya kaniki aliyokuja nayo. Mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri, na jina lake likaenea pwani nzima. Aliyeandika wasifu wake ni mtu wa kwetu Tanga, Shaaban Robert, ambaye tunalitaja jina lake kila tukitaka kujisifu. Angeweza kuanza na kaniki, akamaliza na kichekesho, wasomaji wakafurahi. Yeye alimwandika mtu mwenye kazi, akili na heshima. Basi tukimtaja Shaaban Robert tumtaje na kwa hilo.

Na kwa kuwa rasta ndizo zinazowasumbua zaidi, niwapeleke Kenya. Wapiganaji wa Mau Mau waliingia msituni miaka ya 1950. Msituni hakuna kinyozi, nywele zikarefuka na kusokotana. Dedan Kimathi alipojeruhiwa na kukamatwa Oktoba 1956, picha yake akiwa amelazwa na nywele zile ilisambazwa na Waingereza ili Wakenya wamwone mshenzi aliyeshindwa. Walimnyonga Februari 1957. Mwenzake wa msituni, Muthoni Kirima, mwanamke aliyefikia cheo cha jemadari, alizifuga rasta zake tangu huko mpaka Aprili 2022, akiwa na miaka 90 na ushei, ndipo zikakatwa na Mama Ngina Kenyatta. Alifariki Septemba mwaka uliofuata. Miaka karibu 70 kichwani mwa mtu mmoja! Sasa wewe kijana wa Ngamiani unayemwandika mwizi na ukamtundika rasta ili msomaji aogope, unatazama kwa jicho la nani? La Kimathi, au la yule aliyesambaza ile picha?

Msidhani basi kwamba wakoloni walipoondoka wembe uliondoka nao. Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969, Dar es Salaam, marufuku sketi fupi, marufuku wigi, marufuku dawa za kujichubua, marufuku suruali za kubana. Sababu iliyotolewa ni kulinda utamaduni wa Mwafrika. Hata kabla tarehe haijafika, vijana walikwisha kuingia Kariakoo wakiwavamia wanawake, wakiwazomea na kuwachania nguo. Ndivyo utamaduni ulivyolindwa.

Lakini ngoja, utamu uko hapa. Wakati huohuo, 1967 na 1968, serikali hiyohiyo ilikuwa ikiwaandama Wamasai wa mkoa wa Arusha waache rubega, waache kujipaka ngeu, ile rangi nyekundu ya mwilini na kwenye nywele, wavae suruali wawe watu wa kisasa. Yaani dada wa Dar es Salaam amekuwa Mzungu mno, na morani wa Monduli amekuwa Mwafrika mno. Sasa Mwafrika sahihi ni yupi? Ni yule aliyenyoka katikati, kama alivyotaka mwenye kutoa amri. Leo wajukuu wa morani hao wapo mijini wanasuka nywele za dada zetu, tena ni mafundi hasa, mimi mwenyewe wananinyang'anya wateja.

Na wigi je? Mwaka 1969 wigi lilikuwa adui wa taifa. Katika bajeti ya 2019/20 serikali ikaweka ushuru wa asilimia 25 kwa wigi na nywele za bandia zinazotoka nje, na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini. Miaka 50 tu, adui kawa mlipa kodi! Silaumu kodi, nchi inajengwa. Nauliza tu: ule ubaya wote uliokuwa ndani ya wigi ulikwenda wapi? Jibu ni kwamba haukuwahi kuwemo.

Nije sasa kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonishikisha kalamu, nalo ni shule.

Tumezoea. Mtoto wa kike akivaa sare ya shule ya serikali, kichwa kinyolewe. Tumezoea kiasi kwamba hatuulizi. Katika shule niliyosoma mimi, ambayo siitaji, kulikuwa na siku ya ukaguzi. Tunapangwa mstari, mwalimu wa zamu anapitisha vidole kichwani, nywele zikishikika, mkasi. Hakuwa ananyoa, alikuwa anapita katikati njia moja tu kama anafyeka, ili ukamalizie mwenyewe nyumbani na watu wakuone njiani. Wengi wetu tulikuwa tunavaa mtandio. Tuliambiwa tuuvue ndipo tukaguliwe. Hebu nielezeni, nywele ambazo hazionekani na mtu yeyote kuanzia asubuhi mpaka jioni zinamsumbua nani?

Na mstari huohuo walikuwapo wenzetu wenye asili ya Kihindi na Kiarabu, na nywele zao zimefungwa mkia mpaka mgongoni. Hao waliruka ukaguzi. Nilimuuliza mwalimu, kwa adabu zote, mwalimu, mbona wale? Akaniambia, "Zao ni laini, zinalala." Zetu je, mwalimu? "Zenu hazichaniki." Nilikuwa na miaka 15. Mimi nisiyekuwa na nywele zinazochanika ndiye leo ninayekula kwa kuzichana nywele hizohizo, kwa kitana cha mti na mafuta ya nazi. Wale wenzetu sina ugomvi nao, walikuwa rafiki zangu. Ugomvi wangu ni na amri inayosema nywele za mtoto fulani ni nywele na za mtoto fulani ni uchafu.

Wanaotetea kunyoa wana hoja tatu, na ni haki nizitaje.

Ya kwanza ni usafi. Wanasema chawa na mba. Sawa, nywele chafu ni chafu. Lakini meno machafu hatung'oi, tunapiga mswaki. Shule ambayo haina maji ya bomba ikaamua kunyoa watoto imetatua tatizo la maji? Mtoto amefundishwa usafi, au amefundishwa kwamba sehemu ya mwili ikikushinda uiondoe?

Ya pili ni usawa, kwamba mtoto wa tajiri atakuja na nywele za gharama na wa maskini ataumia. Hoja hii ina sura nzuri, lakini mtoto wa tajiri anakuja na viatu vya gharama, begi la gharama na pesa ya kununua chipsi, na hakuna anayemnyoa viatu. Tena mabutu ni nywele za maskini hasa: uzi mmoja, mama au dada, nusu saa. Na watoto wa matajiri wenyewe wako wapi? Wako shule za kulipia, na katika baadhi ya shule hizo wanasukwa vizuri tu na wanafaulu. Ingekuwa nywele zinazuia akili, wale wangekuwa wa mwisho.

Ya tatu ni masomo, kwamba msichana mwenye nywele atajitazama kwenye kioo na wavulana watamtazama yeye. Hapa ndipo ukweli unapochungulia. Hoja hii haimhusu mtoto na kitabu chake, inahusu woga wa wakubwa. Wanamnyoa mtoto asipendeze. Mwalimu au mtu mzima yeyote anayeona hatari kwa sababu mtoto wa miaka 14 kapendeza, hatari hiyo haiko kichwani mwa mtoto. Mficha uchi hazai, basi tuseme. Wasichana wangapi wamepewa mimba wakiwa na vipara? Waliowapa mimba walinyolewa nini?

Nje ya mipaka yetu watu wameanza kuuliza. Mwaka 2016 wasichana wa sekondari moja mjini Pretoria, Afrika Kusini, waliandamana na nywele zao zikiwa zimesimama, wakipinga masharti ya shule juu ya nywele za Kiafrika. Septemba 2019 Mahakama Kuu ya Kenya, mbele ya Jaji Chacha Mwita, iliamua kwamba shule moja ya Kibera ilikosea kumfukuza msichana mwenye rasta. Mei 2021 mahakama ya Ghana ikaamua vivyo hivyo kuhusu wavulana wawili na shule ya Achimota. Mei 2023 Malawi nayo, mahakama ikasema watoto wa Kirasta wapokewe katika shule za serikali.

Ni habari njema. Lakini ziangalieni vizuri. Kenya, Ghana, Malawi, zote zimeshinda kwa hoja ya dini. Mtoto ni wa imani ya Rastafari, kwa hiyo nywele ni ibada, kwa hiyo aachwe. Nawapongeza. Ila mtoto wa Makorora ambaye hana imani hiyo, ambaye anataka tu mabutu aliyosukwa na bibi yake jana jioni, huyo aende mahakama gani? Je, mpaka nywele ziwe ibada ndipo ziwe mali ya mwenye kichwa?

Nisije nikaonekana naegemea upande mmoja, kuna wembe mwingine mpya na huu umeshikwa na vijana wenzetu. Ni wale wa nywele asilia. Siku hizi ukiweka dawa unaambiwa umejikana, unawaabudu Wazungu, huna akili ya Kiafrika. Ukivaa wigi, mtumwa wa akili. Jamani! Mimi najua dawa inavyounguza, nimewaosha watu ngozi imebabuka masikioni. Ningeshauriwa ningesema msiiweke kwa watoto. Lakini mwanamke mzima aliyefanya kazi akalipia nywele zake, wewe ni nani umtoe Uafrika? Maneno yenu ni yaleyale ya 1968, mmebadilisha jina la operesheni tu. Wasusi hatuulizi mtu itikadi. Tunauliza unataka nini, ukubwa gani, na una haraka?

Narudi kwenu sasa, wenye kalamu. Najua mtajitetea. Mtasema hadithi fupi ni fupi, mwandishi anahitaji alama ya haraka ili msomaji amtambue mhusika, na nywele ni alama nzuri. Nakubali ni alama nzuri. Ni nzuri kuliko mnavyojua, ndiyo maana inaniuma mkiitupa.

Mwandishi akiniambia "alikuwa na rasta", hajaniambia kitu. Aniambie nani alimsuka. Ni dada yake, au ni mpenzi, au alilipa? Zimekaa muda gani? Kama zimekaa miezi minne na nywele mpya zimeota vidole viwili, huyo mtu ama hana pesa, ama hana muda, ama hana tena mtu wa kumpendezea. Kama amefumua upande mmoja akatoka nje na kitambaa, kuna jambo limemkatisha ghafla, na hapo mimi msomaji nimeshituka. Mwanamke anayesuka upya siku moja kabla mume hajarudi safari, na mwanamke anayefumua siku hiyohiyo, hao wana ndoa mbili tofauti na hujaandika neno moja la mapenzi. Mwanamume aliyefuga rasta miaka kumi akazikata asubuhi moja ili aende kuomba kazi ya ulinzi, kisha akaikosa kazi, huyo nipeni mimi nimwandike kama nyinyi hamumtaki. Mkisoma vitabu vya nadharia mnaambiwa hadithi ina msuko. Neno hilo limetoka mikononi mwa wasusi. Msuko hauanzi na kichwa kilichokwisha, unaanza na kugawa njia.

Na mwizi wenu mpeni nywele za kawaida. Mpeni kichwa cha mwenyekiti wa mtaa, kilichonyolewa vizuri kila Ijumaa. Mtaona jinsi hadithi inavyokuwa ngumu kuandika, kwa sababu sasa itabidi mtueleze kwa nini anaiba. Hiyo ndiyo kazi mliyokuwa mnaikimbia.

Nina sababu nyingine ya kusema haya kwa ukali. Hadithi zetu husomwa na watoto wa shule, mnajua, ndio wanaozikopesha madaftari chini ya madawati. Msichana aliyenyolewa njia moja katikati ya kichwa asubuhi, mchana akafungua hadithi yako akakuta kwamba mwenye nywele ni malaya na mwenye kipara ni mchumba mwema, wewe umemfanyia nini? Mwalimu alimnyoa nje. Wewe umemnyoa ndani, na huko ndani nywele haziwahi kuota upya.

Wazee walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Ni methali ya hekima, na ni ya watu waliozoea kunyolewa. Inakufundisha kujiandaa wembe usikuumize sana. Mimi nadhani vijana tunaoandika tunaweza kufanya zaidi ya kutia maji. Tunaweza kumuuliza mwenye wembe jina lake, na nani kampa, na mbona kuna vichwa anaviruka. Tuanze kwa kuuweka chini wa kwetu.

Mwenye kunibishia aandike, kurasa hizi ni zetu sote. Mwenye kutaka kunibishia ana kwa ana, nipo Makorora, na kigoda kipo. Ila aje na kitana chake.

Naomba kuwasilisha.